Uliza Maabara: Troponini Imepanda, Je Mama Kapata Mshtuko wa Moyo?

Mwezi huu meseji nyingi mlizotuma zinahusu kitu kimoja, majibu ya damu ya moyo yaliyokuja na mshale mwekundu unaoangalia juu. Nimekaa maabara miaka mingi, nimeanzia Moshi nikaja Arusha, na najua jinsi kale kamshale kanavyoweza kunyima familia nzima usingizi. Nimechagua barua tano.

Shikamoo mama. Naandika toka Kiborloni hapa Moshi. Mama yetu ana miaka 67, ana sukari na presha ya siku nyingi na mwaka jana tukaambiwa figo zimeanza kuchoka ila hajaanza kusafishwa damu. Jumapili katoka kanisani akasema kifua kinambana na anahema juu juu, tukamkimbiza hospitali wakachukua damu, majibu troponini 58 na pembeni pameandikwa mwisho 14. Mdogo wangu akatafuta kwenye simu pale pale akaanza kulia kwamba mama kapata mshtuko wa moyo. Sasa ndugu tumegawanyika, mjomba anataka tumhamishie Dar leo leo, wengine wanasema hayo majibu ya uongo mbona ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, imetoka nzuri. Tufanye nini?

Marahaba mwanangu, poleni sana. Nimekujibu kwenye simu siku ile ile kwa sababu jambo hili halingojei gazeti, ila naliandika hapa maana wengi mko kwenye hali hiyo hiyo. La kwanza nililokwambia ni mama asitoke hospitali, na la pili muulizeni daktari damu ya pili inachukuliwa saa ngapi.

Troponini ni protini inayokaa ndani ya msuli wa moyo, ndo inayosaidia msuli kubana na kuachia. Seli za msuli zikiumia inavuja inaingia kwenye damu, mashine inaisoma. Kwaiyo ikipanda inasema kitu kimoja tu, kwamba kuna msuli wa moyo umeumia au umeelemewa, haisemi nani kauumiza. We ni mtu wa Kilimanjaro utanielewa, ukiingia kihambani asubuhi ukakuta migomba mitatu iko chini unajua usiku kuna kitu kimepita, lakini upepo unaangusha migomba, ng'ombe aliyekata kamba anaangusha, na mwizi wa ndizi naye anaangusha. Inabidi uangalie nyayo.

Mshtuko wa moyo wenyewe, yani mshipa unaolisha moyo kuziba, ndo wa kuogopwa kwanza na ndo maana daktari anaanza nao. Lakini bonge la damu likienda kukwama kwenye mapafu troponini inapanda, presha ikiruka sana inapanda, moyo ukienda mbio masaa mengi bila kutulia inapanda, maambukizi yakisambaa kwenye damu inapanda, virusi vikivimbisha msuli wa moyo inapanda, kiharusi nacho kinaweza kuipandisha. Kuna dawa za saratani zinafanya hivyo pia. Hata upungufu wa damu, nakumbuka binti mmoja aliyeletwa na damu 4, mweupe viganja vyote, troponini yake ilikuwa juu na mishipa ya moyo haikuwa na shida yoyote, moyo ulikuwa unakimbia kutafuta hewa ambayo damu haina ya kuubebea.

Na kuna hili la kwetu la kipindi cha baridi, naomba mlisome vizuri. Mwezi wa saba Arusha baridi inauma, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wanafunga madirisha wanalala. Ule moshi usioonekana, kaboni monoksaidi, unashika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na moyo ni kati ya viungo vya kwanza kuumia. Nimepokea damu za mume na mke wa chumba kimoja usiku mmoja, wote kichwa kinauma wanatapika, na wote troponini juu. Mke ndo alikuja kutaja jiko, tena baada ya kuulizwa mara mbili, alikuwa anaona halihusiani. Linahusiana, mtaje.

Turudi kwa mama. Mtu mwenye figo zilizochoka troponini yake mara nyingi inakuwa juu muda wote, hata siku ambayo haumwi kifua, kwa sababu moyo wake unasukuma kwa shida kutokana na presha na maji, na vilevile figo hazitoi vizuri mabaki ya protini hiyo. Kwaiyo 58 yake inaweza kuwa ni 58 ya kila siku, na inaweza kuwa ni 58 inayoelekea 600. Namba moja haiwezi kukwambia ni ipi, na hapa ndo watu wengi wanapokosea. Inapimwa tena, kutegemea na mashine inaweza kuwa baada ya saa 1, 3 au 6, wanaangalia imesogea kiasi gani. Kwa mgonjwa wa figo ikibadilika zaidi ya kama asilimia 20 ndani ya hayo masaa, hilo ni jambo la sasa hivi na madaktari wanakimbia nalo. Ikikaa pale pale ni mzigo wa muda mrefu, na huo nao hauachwi, maana watu wenye troponini iliyo juu miezi na miezi mioyo yao inahitaji kuangaliwa kuliko ya wengine.

Wanaosema ECG nzuri imefunga mjadala, hapana. Kuna mshtuko wa moyo ambao ECG ya kwanza haionyeshi kitu, ndo maana nayo inarudiwa.

Wanaosema majibu ya uongo, inatokea ila ni mara chache. Damu ikivutwa kwa nguvu na sindano nyembamba, au mkono ukifungwa mpira muda mrefu huku mtu anatafutwa mshipa, seli nyekundu zinapasuka. Ukishaizungusha kwenye mashine yale maji ya juu ambayo yangekuwa ya njano yanakuja mekundu kama juisi ya rozela, na ukipima hivyo hivyo baadhi ya vipimo vinadanganya. Kingine ni vipande vidogo vya damu iliyoganda kubaki kwenye chupa, na mara moja moja mtu ana kinga za mwili zinazochanganya mashine. Mtu wa maabara anayejali akiona chupa ya hivyo anaomba damu nyingine, hata kama nesi atanuna. Lakini msianzie hapo, mtu mwenye sukari, presha na kifua kinachobana anachukuliwa ni mgonjwa wa moyo mpaka ithibitike vingine.

Na mjomba mwambieni kwa heshima, Dar kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na ni pazuri kwa wanaohitaji, ila barabara ni ndefu na mgonjwa ambaye hajajulikana anaumwa nini hapandishwi gari masaa yote hayo kwa hofu ya ndugu. Hospitali ya KCMC iko hapo hapo mjini kwenu. Rufaa ataisema daktari akishaona namba ya pili.

Shikamoo mama, mi ni chalii wa Sakina, Arusha, miaka 31. Nilikimbia ile ya kilomita 21 ya Kilimanjaro Marathon pale Moshi Jumapili, Jumanne kazini wakaleta watu wa kupima afya. Majibu yangu CK 1,840 wakati mwisho ni 195, na CK-MB 31 mwisho 25. Jamaa aliyekuwa anasoma majibu kasema moyo wangu una shida kubwa niache kukimbia kabisa. Siumwi popote zaidi ya mapaja. Nimeogopa mama, baba yangu alifariki ghafla.

Marahaba mwanangu. Pole kwa baba, na hongera kwa kumaliza.

CK ni kimeng'enya kilichoko kwenye misuli yote ya mwili, si moyo peke yake. Umekimbia kilomita 21 na mtelemko juu, mapaja yamechanika chanika kidogo kidogo na CK imemwagika kwenye damu, na huwa inafika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, yani Jumanne umepimwa siku mbaya kuliko zote. CK-MB ndo inahusishwa zaidi na moyo, lakini msuli wa kawaida nao unayo kidogo, kwaiyo nyingine ikipanda sana hii nayo inavutwa. Yako 31 ukiigawa kwa 1,840 haifiki hata asilimia 2, picha hiyo inaonyesha mapaja. Ukitaka uhakika wa moyo pima troponini, CK haitoshi.

Alafu hiyo 195. Sisi wanaume na wanawake wenye asili ya Afrika CK yetu ya kawaida iko juu kuliko ya wazungu, hili linajulikana, na viwango vingi vilivyochapwa kwenye mashine havikutengenezwa kwa kutupima sisi. Nimeona vijana wa kubeba magunia sokoni wana CK 400 na wako fiti. Hata sindano ya makalio inaipandisha, mtu anaumwa kifua anachomwa sindano ya maumivu zahanati, kesho anapimwa CK iko juu anaambiwa moyo, kumbe ni ile sindano. Tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo inapandisha, dawa za kushusha kolesteroli zinaweza kupandisha, kuanguka kifafa ndo kabisa.

Pumzika mazoezi wiki nzima, kunywa maji, rudia kipimo. Mkojo ukiwa wa rangi ya soda nyeusi usisubiri wiki, nenda hospitali siku hiyo hiyo, msuli uliovunjika sana unaziba figo. Na kwa sababu umemtaja baba, mi ningekushauri uende kwa daktari wa moyo ukafanye ECG na eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, hata kama CK itarudi chini. Si kwa ajili ya hiyo 1,840, ni kwa ajili ya baba. Kifo cha ghafla kwenye familia kina uzito kuliko karatasi ya Jumanne, na aliyekusomea majibu angekuuliza hilo kabla ya kukukataza kukimbia.

Ukipima troponini siku moja baada ya mbio ukakuta imepanda kidogo usishangae, kwa wakimbiaji wengi inapanda na kushuka ndani ya siku 1 mpaka 3. Ila mtu aliyeanguka njiani au aliyebanwa kifua akiwa anakimbia asiambiwe ni mbio tu.

Dada habari za kazi. Niko Njiro. Mume wangu kapimwa troponini hospitali moja ikatoka 0.03, kesho yake hospitali nyingine 22. Si imepanda mara mia saba hiyo?

Nzuri dada. Hapana, haijapanda hivyo, tulia. Angalia herufi ndogo zinazofuata namba. Ya kwanza bila shaka ni nanogramu kwa mililita, ya pili ni nanogramu kwa lita, kwaiyo 0.03 ukiigeuza inakuwa 30. Tena usiseme imeshuka kutoka 30 kwenda 22, kwa sababu kuna troponini I na troponini T, na kila kampuni ya mashine ina vipimo vyake na kiwango chake cha mwisho. Namba za mashine mbili tofauti hazipangwi kwenye mstari mmoja. Ya kulinganisha lazima irudiwe pale pale ilipopimwa kwanza.

Shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wanne, Usa River. Mwaka jana nilishikwa na kifua saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili kasoro nilikuwa hospitali, wakapima kile cha moyo kwa kile kikaratasi kama cha malaria, wakasema safi, hiyo ni vidonda vya tumbo. Nikapewa dawa nikarudi nyumbani. Usiku nikazidiwa, nikapelekwa hospitali kubwa wakasema mshtuko wa moyo tena umeshaharibu. Leo siwezi kupanda hata kilima cha kwangu. Kipimo kilidanganya?

Marahaba baba. Nimeisoma barua yako mara tatu na imeniumiza. Kipimo hakikudanganya, kiliulizwa mapema mno, na hakuna aliyekirudia.

Troponini haitoki pale pale mshipa unapoziba. Kwa vipimo vya kawaida inaanza kuonekana kuanzia saa 3 mpaka 6 baada ya maumivu kuanza, inafika juu ndani ya siku nzima, alafu inabaki kwenye damu wiki moja mpaka mbili. Mashine mpya zenye uwezo mkubwa zinaiona mapema zaidi, lakini kile kijikaratasi ulichopimiwa hakioni kiasi kidogo kama mashine. Wewe ulipimwa chini ya saa moja. Damu yako ilikuwa bado haijapata cha kusema. Mtu mwenye kifua kinachobana akiwa na jibu safi la saa ya kwanza anakaa, anafanyiwa ECG, anarudiwa, hata kama ana foleni nyuma yake hadi getini.

Na hilo neno vidonda vya tumbo limetupotezea watu wengi. Mtu anahisi moto chini ya kifua, anatokwa jasho jembamba, anameza magnesiamu mbili analala. Kwa wanawake na wenye sukari ni hatari zaidi, wao wakati mwingine hawaumwi kifua kabisa, ni kuchoka tu na kuhema na kichefuchefu. Nawaombeni wote, mkifika dharura semeni saa kamili maumivu yalipoanza, na hakikisheni imeandikwa kwenye fomu inayokuja kwetu. Fomu nyingi ninazopokea sehemu ya saa iko wazi, na mimi nikiona jibu safi bila kujua saa sina namna ya kupiga simu kusema mrudieni huyu.

Kuhusu kilima chako, muulize daktari wako kama umeshapimwa kipimo cha damu cha BNP na eko ya karibuni. BNP inapanda moyo unapolemewa na kazi ya kusukuma, na inasaidia kujua kama kuhema kwako ni moyo au mapafu. Nayo ina mambo yake, inapanda na umri na figo mbovu, na kwa mtu mnene inaweza kusoma chini kuliko hali yake halisi. Kuna dawa za kusaidia moyo uliodhoofika na watu wanapata nafuu ya kweli, usikae ukaamini ndo imeisha baba.

Mambo dada, mi nina saluni Ngarenaro. Nakunywa vidonge vya biotini vya nywele na kucha, mikrogramu 10,000 kila siku, na wateja wangu pia. Nimeskia vinaharibu vipimo vya moyo, kweli?

Poa mdogo wangu, ni kweli, na nakushukuru kwa kuuliza. Vipimo vya baadhi ya mashine vimetengenezwa kwa kutumia hiyo hiyo biotini kama gundi, ukiwa nayo nyingi kwenye damu inaingilia, na troponini inaweza kusoma chini wakati iko juu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2017 baada ya matukio ya kweli. Vipimo vya tezi navyo vinavurugika. Kama ni kipimo cha kupangwa, waambie maabara kabla wakueleze uache siku ngapi. Kama ni dharura usisubiri chochote, sema tu umemeza biotini lini na kiasi gani. Na wateja wako waambie, maana mama wa miaka 55 anayekuja kushonea nywele ndo huyo huyo anayeweza kubanwa kifua kesho.

Wakati nataka kutuma safu hii yule kijana wa Kiborloni kaniandikia. Damu ya pili ya mama, saa tatu baadaye, ilisoma 61. Kutoka 58 ni kama asilimia 5. Eko imeonyesha msuli wa moyo umekuwa mnene kutokana na presha ya miaka mingi, wamembadilishia dawa, wamempa ya kutoa maji, anahema vizuri na yuko nyumbani. Anauliza, eti mama anataka mtori, wampe?

Mwanangu, ndizi zina potasiamu nyingi, na figo zilizochoka zinashindwa kuitoa, ikizidi kwenye damu inavuruga mapigo ya moyo. Kabla ya bakuli la mtori muulize daktari wa figo potasiamu ya mama ni ngapi, na akiruhusu kidogo, zimenyeni mzikate vipande vidogo, mchemshe kwenye maji mengi na mmwage maji ya kwanza kabla ya kuweka nyama. Na siku majibu ya potasiamu yakija juu, ulizeni hapo hapo kama ile damu ilikuwa imepasuka, kwa sababu seli nyekundu zikipasuka kwenye chupa potasiamu inapanda ya uongo. Ichukuliwe nyingine dakika hiyo hiyo mkiwa bado hospitali, msiende nayo nyumbani mkisubiri kesho.